Kukunja mistari kwenye mkondo wa matini: risiti ya safu 32 inapokatwa pasipotakiwa

Swali: Habari za kazi, wataalamu. Nimeandika programu ya mauzo kwa Python kwa ajili ya duka la jumla. Risiti zinatoka kwenye printa ya karatasi ya milimita 58 yenye safu 32, na ripoti ya jioni naisoma kwenye teminali ya safu 80. Zote zinapita kwenye klasi moja niliyoiandika ili ikunje mistari:

```python
def write(self, s):
    self.bafa += s
    while len(self.bafa) >= self.upana:
        k = self.bafa.rfind(" ", 0, self.upana)
        self.nje.write(self.bafa[:k] + "\n")
        self.bafa = self.bafa[k+1:]
```

Mara nyingi inakubali, ila mstari wa "Bidhaa zikishauzwa hazirudishwi." una herufi 32 kamili na bado unakatwa. Wakati mwingine mstari mtupu unajitokeza katikati ya risiti. Maneno ya mwisho hayatoki kabisa. Halafu nilipoongeza anwani ya mtandao ya kuhakiki risiti, printa ilimwaga karatasi mfululizo mpaka nikachomoa waya. Kwenye teminali nako, nikiweka rangi mistari inakuwa mifupi. Naombeni msaada, nianzie wapi?

Jibu: Tuanze na printa isiyokoma, maana hiyo ndiyo inayokula karatasi.

`rfind` ikikosa inachotafuta hurudisha -1. Anwani ya mtandao yenye herufi zaidi ya 32 haina nafasi ndani yake, kwa hiyo `k` inakuwa -1. `self.bafa[:-1]` ni bafa (matini inayosubiri kuchapwa) nzima isipokuwa herufi ya mwisho, hiyo ndiyo inayochapwa. Kisha `self.bafa[k+1:]` inakuwa `self.bafa[0:]`, yaani bafa ileile bila kupungua hata herufi moja. Sharti la `while` linabaki kweli milele. Kila kitanzi cha kukunja mistari lazima kila mzunguko kimeze angalau herufi moja. Kama huwezi kuonyesha kwa kidole ni mstari gani wa msimbo unaohakikisha hilo, kitaganda siku moja.

Mstari wa herufi 32 una makosa mawili yanayosaidiana. Namba ya tatu ndani ya `rfind` haihesabiwi: ukiandika 32, inatazama herufi namba 0 hadi namba 31. Nafasi inayofuata nukta ya "hazirudishwi." iko kwenye 32, kwa hiyo haionekani. Inayoonekana ni ile ya 18, baada ya "zikishauzwa", na hapo ndipo mstari unapokatwa. Kosa la pili ni `>=`. Hata kama hakuna kitu baada ya nukta, 32 si ndogo kuliko 32, basi kitanzi kinaingia na kukata mstari uliokuwa unatosha.

Mstari mtupu unatokana na kuihesabu `\n`, alama ya mstari mpya, kama herufi ya kawaida. Chukua bafa yenye "...12,000", kisha `\n`, kisha nafasi mbili za kuingiza mstari unaofuata. Kama nafasi ya pili imeangukia kwenye 31, `rfind` inaikamata hiyohiyo. Kinachochapwa ni "...12,000", mstari mpya wako, nafasi moja, halafu mstari mpya wa klasi. Umepata mstari wenye nafasi moja tu, na machoni pa mteja huo ni mtupu. Maneno ya mwisho hayatoki kwa sababu hakuna anayeyatoa: kilichobaki kwenye bafa kikiwa chini ya herufi 32 kinakaa humo mpaka programu inafungwa.

Unaweza kuziba kila tundu kwa `if` yake, lakini sikushauri. Tatizo la msingi ni kwamba bafa moja inabeba vitu vitatu visivyofanana: kilichokwisha kwenda kwenye mstari wa sasa, nafasi ambazo huenda zikachapwa au zikatupwa, na neno ambalo halijaisha kufika. Hilo la tatu ndilo watu husahau. `print("Jumla", kiasi)` haiiti `write()` mara moja. Inaiita mara nne: "Jumla", nafasi, kiasi, kisha `\n`. Neno likijengwa kwa vipande, nusu yake inaweza kuja kwenye mwito mmoja na nusu kwenye mwingine. Ndiyo maana pia `textwrap.fill` haikufai hapa. Inataka aya nzima mkononi, haijui mstari wa sasa umefikia safu gani, na ukiiachia mipangilio yake ya kawaida inageuza kila `\n` kuwa nafasi.

Tenganisha vitu hivyo vitatu:

```python
class Mkunjo:
    def __init__(self, nje, upana=32, ujongezo=""):
        if len(ujongezo) >= upana:
            raise ValueError("ujongezo umemeza upana wote")
        self.nje = nje
        self.upana = upana
        self.ujongezo = ujongezo
        self.safu = 0      # zilizokwisha chapwa mstari huu
        self.nafasi = ""   # zinazosubiri hukumu
        self.neno = ""     # linaloendelea kufika

    def write(self, matini):
        for h in matini:
            if h == "\n":
                self._toa_neno()
                self.nje.write("\n")
                self.safu, self.nafasi = 0, ""
            elif h == " ":
                self._toa_neno()
                self.nafasi += " "
            elif h == "\t":
                self._toa_neno()
                hapa = self.safu + len(self.nafasi)
                self.nafasi += " " * (8 - hapa % 8)
            else:
                self.neno += h
        return len(matini)

    def _kunja(self):
        self.nje.write("\n")
        self.safu, self.nafasi = 0, self.ujongezo

    def _toa_neno(self):
        if not self.neno:
            return
        neno, self.neno = self.neno, ""
        u = len(neno)
        if self.safu and self.safu + len(self.nafasi) + u > self.upana:
            self._kunja()
        if self.safu == 0 and len(self.nafasi) + u > self.upana:
            self.nafasi = self.nafasi[:len(self.ujongezo)]
        while True:
            baki = self.upana - self.safu - len(self.nafasi)
            kipande, neno = neno[:baki], neno[baki:]
            self.nje.write(self.nafasi + kipande)
            self.safu += len(self.nafasi) + len(kipande)
            self.nafasi = ""
            if not neno:
                return
            self._kunja()

    def maliza(self):
        self._toa_neno()
        self.nafasi = ""
        self.nje.flush()
```

Tazama mahali `_kunja` inapoitwa. Haiitwi mstari unapojaa. Inaitwa neno jipya linapofika na kukosa pa kukaa. "Bidhaa zikishauzwa hazirudishwi." ikijaza safu 32, hakuna kinachotokea. Ikifuata `\n` yako, ni hiyo moja tu inayotoka. Likifuata neno, hapo ndipo mstari unakunjwa. Ulinganisho ni `>` na si `>=`, na hiyo ni herufi moja inayotofautisha risiti safi na risiti yenye mapengo.

Nafasi hazichapwi peke yake kamwe. Zinatoka zikiwa zimeshikana na neno linalozifuata. Mstari ukikunjwa, zinatupwa. Ikija `\n`, zinatupwa. Kwa hiyo hakuna mstari utakaoishia na nafasi, na huhitaji `rstrip()` popote. Nafasi zilizoko mwanzoni mwa mstari uliouandika mwenyewe zinabaki, kwa sababu baada ya `\n` yako `safu` ni 0 na zinasubiri neno kama kawaida. Ujongezo, yaani nafasi za mbele za mstari uliokunjwa, nao nimeufanya uwe nafasi inayosubiri, basi. Wengi huuchapa palepale baada ya kukunja, halafu wanashangaa kwa nini mistari mitupu ina nafasi mbili mbele.

Sharti lile la `ValueError` si urembo. Ujongezo ukiwa sawa na upana, `baki` inakuwa 0, `neno[:0]` ni tupu, na umerudi kwenye printa isiyokoma. Kuanzia hapo `baki` haiwezi kuwa chini ya 1: ama neno linatosha, ama tumekunja, ama tumepunguza nafasi za mbele mpaka zilingane na ujongezo.

Alama ya `\t` (tabo) nimeigeuza kuwa nafasi za kawaida mapema, kwa sababu upana wake unategemea safu ilipoangukia: kwenye safu ya 5 ni nafasi tatu, kwenye safu ya 8 ni nane. Ukiihesabu kuwa herufi moja, teminali haitakubaliana na hesabu yako. Inawezekana kuigeuza pale kwa sababu neno lililotangulia limekwisha kutolewa, hivyo `safu` inajulikana.

Ukisharekebisha, utakutana na hili. Msimbo wako wa zamani haukuweza kutoa mstari wa herufi 32 kwa kukunja. Upeo wake ulikuwa 31. Huu mpya unaweza, na baadhi ya printa, safu ya mwisho ikijaa, husogeza karatasi zenyewe, kisha `\n` inayofuata inasogeza tena. Pima kabla ya kulaumu msimbo: chapa tarakimu 32, `\n`, kisha herufi A. Kama kuna pengo kati ya tarakimu na A, printa yako ni ya namna hiyo. Dawa rahisi ni kuweka upana wa 31. Dawa ya kubana zaidi ni kutoipeleka `\n` pale `safu` inapolingana na `upana`. Mimi huchagua 31, maana duka likibadilisha printa hakuna kitu cha kukumbuka.

Teminali zinazofuata mwenendo wa VT100, teminali ya zamani inayoigwa na nyingi za leo, hazina shida hiyo. Herufi ya 80 ikiandikwa, mshale unabaki kwenye safu ya 80 ukisubiri herufi nyingine ndipo ushuke. Dirisha la amri la Windows la kizamani linashuka papo hapo, kwa hiyo huko nako tumia 79.

Hakikisha pia hiyo 32 ni ya kweli. Karatasi ya milimita 58 huchapwa upana wa milimita 48, nukta 8 kwa milimita, jumla nukta 384. Fonti ya kawaida ya nukta 12 inakupa herufi 32, na fonti ndogo ya nukta 9 inakupa 42. Karatasi ya milimita 80 kwa kawaida ina nukta 576, yaani herufi 48, ingawa ziko printa za karatasi hiyo zilizopangwa kwa 42. Usiandike 32 ndani ya msimbo. Iweke kwenye mipangilio.

Amri za printa zisipite kwenye `write()`. Hapa ndipo pana kasoro ngumu kuliko zote kuipata. Printa nyingi za risiti zinaelewa ESC/POS, lugha ya amri za printa. Amri ya kuandika kwa upana maradufu ni baiti 1B 21 20 (kwa heksadesimali). Ile 20 ya mwisho ndiyo nafasi ya kawaida kwenye ASCII. Klasi yako ikiiona itadhani neno limeisha, itaishikilia, na pengine itaitupa mstari ukikunjwa. Printa itakuwa bado inasubiri baiti ya tatu ya amri, basi itaila herufi ya kwanza ya neno lako. Amri ya kusogeza karatasi mistari kumi ni 1B 64 0A, na 0A ni `\n`. Ukisogeza mistari tisa kila kitu shwari, ukisogeza kumi risiti inavurugika, na utakaa siku nzima ukitafuta. Zipe amri njia yake:

```python
    def flush(self):
        self._toa_neno()
        if self.safu + len(self.nafasi) < self.upana:
            self.nje.write(self.nafasi)
            self.safu += len(self.nafasi)
            self.nafasi = ""
        self.nje.flush()

    def amri(self, baiti):
        self.flush()
        self.nje.buffer.write(baiti)
```

Hii inadhani `nje` imefunguliwa kama faili la matini, mfano `open("/dev/usb/lp0", "w", encoding="cp437")` kwenye Linux. Weka amri penye nafasi au mwanzo wa mstari, si katikati ya neno, kwa sababu `amri` inalazimisha nusu ya neno itoke kabla nusu ya pili haijafika. Na amri ikisogeza karatasi au kuanza mstari upya, rudisha `safu` kuwa 0 mwenyewe.

Upana maradufu unabadilisha hesabu: mstari unabeba herufi 16. Usigawanye `upana` kwa mbili, kwa sababu unaweza kuwa umechapa "JUMLA:" kwa maandishi ya kawaida kisha kiasi kwa maandishi makubwa kwenye mstari uleule. Hesabu kila herufi, pamoja na nafasi, kuwa safu 2 kuanzia amri inapowashwa mpaka inapozimwa.

Kwenye safu 16 Kiswahili kinabana. Neno kama "tutakapowasilisha" lina herufi 17. Klasi hapo juu italikata popote: "tutakapowasilish", kisha "a" peke yake mstari wa chini. Kwa bahati silabi zetu karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo kanuni fupi inatosha: rudi nyuma mpaka baada ya irabu, acha angalau herufi tatu kwa mstari wa chini, na ongeza kistari. Kistari nacho kinakula safu, basi unatafuta ndani ya herufi 15 za kwanza: unapata "tutakapowasili-" juu na "sha" chini. Kanuni hii haitapasua "sh", "ny" wala "ng'". Kwa maneno ya mkopo kama "daktari" itakupa "da-ktari", jambo ambalo mwalimu wa sarufi hatalipenda, lakini neno fupi hivyo huwa halihitaji kukatwa. Anwani za mtandao na namba za kumbukumbu usizitilie kistari kamwe. Mtu atakayeziingiza kwenye simu atakiandika na hicho.

Ritifaa (alama ya ') ya ng'ombe. Kama unataka kuchambua maneno kwa `\w+`, acha. Ritifaa haihesabiwi kuwa sehemu ya neno, na "ng'ombe" itakuwa vipande viwili ambavyo vinaweza kutenganishwa mistari. Kata penye nafasi tu. Kisha angalia ritifaa yenyewe: simu na programu za kuandikia huweka ile iliyopinda, ’, ambayo kwenye UTF-8 ni baiti tatu, E2 80 99. Printa inayotumia jedwali la herufi la CP437 ikizipokea inachapa ngΓÇÖombe, na mstari uliouhesabu kuwa 32 umekuwa 34. Ukiwa umefungua faili kwa `cp437` kama hapo juu, Python haitachapa takataka. Itasimama na `UnicodeEncodeError` mteja akiwa anasubiri chenji. Badilisha herufi hizo mwanzoni mwa `write()`, kabla ya kuhesabu chochote:

```python
BADILI = str.maketrans({"’": "'", "‘": "'", "“": '"',
                        "”": '"', "–": "-", "…": "..."})
```

Mpangilio una maana. Nukta tatu zilizounganishwa, …, ni herufi moja inayogeuka kuwa tatu. Ukibadilisha baada ya kupima, umevuka ukingo.

Herufi moja usiibadilishe mapema: nafasi isiyokatika, U+00A0. Iweke kati ya "TSh" na kiasi ili "TSh" isibaki mwisho wa mstari huku 3,000 ikianguka chini. Klasi haiitambui kama nafasi kwa sababu tunalinganisha na `" "` tu, na hivyo ndivyo tunavyotaka. Ukitumia `split()` au `isspace()`, zote mbili huihesabu kuwa nafasi ya kawaida na kuikata. Igeuze kuwa nafasi ya kawaida dakika ya mwisho, ndani ya `nje.write`.

Mistari ya bei, ile yenye jina la bidhaa kushoto na kiasi kulia, isipite kwenye mkunjo hata kidogo. Kunja jina peke yake kwa upana uliobaki baada ya safu ya kiasi, kisha panga kiasi mwenyewe kwa `rjust`.

Rangi za teminali. `\x1b[31m` ni herufi tano, na `\x1b[0m` ni nne. Hazionekani, lakini `len` inazihesabu, kwa hiyo kila neno jekundu linakuibia safu 9. Kwenye mstari wenye maneno matatu ya rangi umepoteza 27 kati ya 80. Usiziondoe kwa usemi wa ruwaza (regex) ndani ya `write()`, maana mfuatano wenyewe unaweza kukatika: `\x1b[3` kwenye mwito mmoja, `1m` kwenye unaofuata. Weka hali: kawaida, baada ya `\x1b`, na ndani ya mfuatano ulioanza kwa `[`, ambao unaisha kwenye herufi ya kwanza kati ya `@` na `~`. Mifuatano inayoanza kwa `]`, ile ya viungo na vichwa vya dirisha, inaisha kwa `\x07` au kwa `\x1b\`.

Kila mfuatano ukikamilika, utie ndani ya neno linalosubiri ukiwa na upana 0. Hapa `neno` haiwezi tena kuwa tungo ya kawaida. Ifanye orodha ya jozi, kipande na upana wake, ili ukikata neno refu usipasue mfuatano katikati. Jozi hizohizo zinabeba herufi za Kichina na Kijapani, ambazo teminali huzipa safu 2 (`unicodedata.east_asian_width` inarudisha W au F), na alama zinazopachikwa juu ya herufi nyingine, aina ya Mn na Me kwenye Unicode, zenye upana 0 ambazo lazima zibaki na herufi yake. Baada ya hayo, rekebisha ile ahadi ya kumeza herufi moja: kama `baki` ni 1 na herufi ya kwanza ina upana 2, chukua hiyo herufi hata kama inavuka ukingo. Vinginevyo utazunguka bila mwisho, safari hii kwa sababu ya jina la bidhaa kutoka Guangzhou.

Rangi ya usuli inahitaji uangalifu zaidi. Mstari ukikunjwa usuli ukiwa umewashwa, teminali nyingi hupaka rangi hiyo mpaka ukingoni. Toa `\x1b[0m` kabla ya `\n` ya mkunjo, kisha rudia mfuatano wa rangi mwanzo wa mstari unaofuata.

Upana wa teminali upate kwa `shutil.get_terminal_size()`, ambayo inarudi kwenye 80 ikikosa jibu. Lakini kama `sys.stdout.isatty()` ni uongo, yaani ripoti inaelekezwa kwenye faili au kwenye `grep`, usikunje kabisa. Mtu akitafuta "salio la awali" na umelikata baada ya "salio", hataliona.

`flush()` ni suala la sera. Ile niliyoandika inatoa kila kitu, hata neno ambalo huenda halijaisha na nafasi iliyokuwa ikisubiri. Bila hivyo, swali kama "Endelea? (n/h) " litabaki ndani ya bafa na mhudumu atatazama skrini isiyosema kitu. Gharama yake ni kwamba ukiiita katikati ya neno, neno linaweza kukatika, na nafasi inaweza kubaki mwisho wa mstari. Basi kwenye risiti tumia `maliza()` mwisho tu, na `print(..., flush=True)` iache kwa maswali ya teminali.

Kama matini yako inatoka kwenye mtandao kwa baiti, usiite `decode()` kwa kila fungu. Herufi ya baiti tatu ikikatwa na mpaka wa fungu, utapata kosa au alama za kuuliza. Tumia `codecs.getincrementaldecoder("utf-8")()`, na mwisho uite `decode(b"", final=True)`. Jozi ya `\r\n` nayo hukatwa hivyohivyo. Kwa risiti, itupe `\r` kila unapoiona na umalizane nayo.

Sasa jaribio. Usiandike mifano kumi uliyoifikiria. Tengeneza maelfu kwa bahati nasibu, kwa alfabeti ndogo ili mipaka igongane mara nyingi:

```python
import io, random

def kunja(vipande, upana):
    nje = io.StringIO()
    m = Mkunjo(nje, upana)
    for k in vipande:
        m.write(k)
    m.maliza()
    return nje.getvalue()

for _ in range(20000):
    s = "".join(random.choice("ab \n")
                for _ in range(random.randrange(60)))
    upana = random.randrange(1, 12)
    toleo = kunja([s], upana)
    assert toleo == kunja(s, upana)
    assert all(len(x) <= upana for x in toleo.split("\n"))
    assert " \n" not in toleo
    assert "".join(toleo.split()) == "".join(s.split())
```

`assert` ya kwanza ndiyo yenye thamani kuliko zote: matini nzima kwa mwito mmoja lazima itoe kilekile kinachotoka ukiituma herufi mojamoja. Ikishindwa, kuna mahali unafanya uamuzi kabla neno halijaisha. Ya pili inakamata kuvuka ukingo, ya tatu nafasi za mwisho wa mstari, ya nne herufi zilizopotea. Upana wa 1 umo makusudi, kwani huko ndiko vitanzi hugandia. Ukiongeza kistari cha silabi, kizime wakati wa jaribio hili, au `assert` ya nne itakukatalia.

Ukishaiweka klasi kazini, chapa risiti moja yenye anwani ndefu ya kuhakiki, mkono ukiwa karibu na swichi ya printa.